Dumuzi na Dundu

Neno ninaloliandika leo lilianza kwa swali la mjane mmoja wa hapa Itetemia, mama mzee ambaye jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Baada ya sikukuu ya mavuno wazee wa kanisa waliyagawanya mahindi ya sadaka, na mimi mwenyewe nikachukua gunia moja kwa baiskeli asubuhi nikampelekea. Akapiga magoti na kupiga makofi kama ilivyo desturi ya Wanyamwezi, akasema, "Mwangaluka, Baba Mchungaji," akayamimina mahindi yale kihengeni mwake, juu ya mahindi aliyoyalima kwa mikono yake. Hayo yalikuwa mwezi wa Juni. Hata mwezi wa Oktoba akanituma mjukuu wake kuniita. Nilipofika alikifungua kihenge, akatia mkono, akautoa umejaa unga na makapi. Punje zilizosalia zilikuwa matundu matupu. Ukizifinya zilivunjika kama mkate mkavu. Hakulia, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, mdudu huyu aliumbwa na nani? Naye aliingia kwangu kwa mlango gani?"

Mchungaji aliyefundishwa seminari huyapenda sana maswali ya namna ya lile la kwanza. Nilikaa kigodani nikamjibu. Nilimweleza habari za uumbaji, nikamwambia kwamba Muumba hakuumba kitu kibovu, nikamtajia na hali ya dunia baada ya anguko la wanadamu. Alinisikiliza kwa adabu hata nikamaliza. Kisha akasema, "Asante, Baba. Na mlango?" Nikamwambia kwamba yamkini dumuzi alikuwamo kihengeni tangu mwaka uliopita. Nikaaga, nikaondoka. Njiani moyo wangu ulinisuta, na sababu yake nitaisema mbele. Kwanza nataka tuyatazame maswali yote mawili kwa utaratibu, wala tusiyatazame hewani. Nitawaleta mbele yenu wadudu wawili. Wote wawili ni wa jamaa moja, jamaa kubwa ya wadudu wenye mabawa magumu juu yafunikayo mabawa laini chini. Lakini mmoja hukaa gizani ndani ya punje ya hindi, na mwingine hukaa mbugani penye mavi ya ng'ombe. Tuone kama wema na ubaya vyaweza kuonekana katika miili yao.

Dumuzi mnamjua, ingawa si wote waliomtazama vema. Urefu wake ni milimita 3 au 4 tu, na umbo lake ni la mviringo kama kipande cha kijiti, rangi yake hudhurungi. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, kwa maana kimeinamishwa chini ya kifua, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi; na nyuma mwili wake umekatika wima kana kwamba ulikatwa kwa kisu. Huitoboa punje, hufanya njia ndani yake, na kila atoboapo humwaga unga kuliko anaokula. Jike hutaga mayai katika vichochoro vya pembeni, mabuu hukua mumo humo, na katika joto la kwetu yai huwa mdudu mzima kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Yeye si mdudu wa nchi hii. Babu zetu walimjua fukusi, wakazoea kugawana naye. Dumuzi huyu hawakumjua. Kwao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Katika miaka ya mwisho ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yakigeuka vumbi kabla ya mvua kurudi, na mwaka 1981 wataalamu walimtambua mdudu huyo. Wenyeji hawakungoja jina la wataalamu. Walimwita Scania, jina la lori kubwa, kwa jinsi apitavyo na kuponda kila kitu njiani. Walipopima mahindi yaliyowekwa kwa magunzi yake, kama ilivyokuwa desturi, wataalamu waliona kwamba katika muda wa miezi 3 hadi 6 uzito uliopotea uliweza kufika sehemu 34 katika kila 100. Muhogo mkavu nao haukupona. Mwaka 1983 alionekana Taveta nchini Kenya, mwaka 1984 akaonekana Burundi, na mwaka huo huo Togo, mbali kabisa upande wa magharibi. Leo yuko katika nchi nyingi za Afrika.

Basi mtu asikiaye hayo atasema upesi: mdudu mbaya. Lakini tumfuate kwanza nyumbani kwake. Huko, kabla ya kuwa mdudu wa ghala, dumuzi ni mdudu wa msituni. Hula matawi yaliyokufa, mengi yao yamekwisha kukatwa na wadudu wengine wakubwa kuliko yeye, naye huyarudisha kuwa vumbi, na vumbi hurudi kwa mizizi. Kama kazi hiyo isingefanywa na yeye na wenzake, msitu ungejaa maiti za miti. Tena huko anao wawindaji wake. Mmoja ni mdudu mdogo mweusi wa jamaa hiyo hiyo ya mabawa magumu, naye huifuata harufu ya dumuzi mpaka vichochoroni na kula mabuu yake. Huyo mwindaji aliachiliwa kwa makusudi Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, akasaidia mahali penye joto na unyevu kuliko mahali pengine. Nasema hayo ili mjue kwamba dumuzi wa kwao ana kazi na ana mipaka. Wa kwetu alifika na kazi yake tu. Mipaka iliachwa nyuma.

Na hapa pana neno la ajabu kidogo. Hindi lenyewe nalo kwao ni Meksiko. Wenyeji wa nchi ile walilifuga kutoka kwa jani la porini maelfu ya miaka iliyopita. Wareno wakalivusha bahari, likafika pwani yetu, likapanda bara pamoja na wapagazi, hata leo mtoto wa Kinyamwezi hawezi kuamini kwamba ugali wake ni mgeni. Kwa miaka kama 400 hindi lilikaa Afrika pasipo adui wake huyu wa zamani. Kisha adui akamfuata.

Sasa tumtazame wa pili. Dundu nimsemaye ni yule mweusi mwenye kichwa kama jembe, asukumaye tonge la mavi. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba, nendeni mbugani wakati ng'ombe wanaporudi, mkae kimya karibu na mavi mabichi. Kabla hayajapoa mtasikia mvumo, kisha mtawaona wakianguka kama mawe madogo. Wengine huingia chini moja kwa moja, wakachimba shimo na kuyashusha mavi humo. Wengine hukata tonge, wakaliviringisha, wakalisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini na mgongo mbele, mpaka mahali pa kulizika. Na jike hutaga yai ndani ya tonge ili mtoto azaliwe katikati ya chakula chake. Watoto wetu huwacheka. Mimi pia niliwacheka nilipokuwa mchungaji wa mifugo ya baba yangu, kabla sijawa mchungaji wa namna nyingine.

Katika mbuga ya Tsavo nchini Kenya wataalamu wawili waliweka mavi ya tembo kadiri ya kilo moja na nusu, wakahesabu waliokuja. Walikuja dundu 16,000, na kwa muda wa saa mbili hapakubaki kitu. Wengine walitaka kujua jinsi asukumavyo tonge lake usiku bila kuzunguka na kurudi palepale, kwa maana hutoka katika lundo la mavi kwa mstari ulionyoka, akikimbia wenzake wasimnyang'anye. Watu hao, wengine wa Uswidi na wengine wa Afrika ya Kusini, waliwavika dundu vikofia vidogo vya kuwafunika macho wasione juu, wakawapeleka Johannesburg katika nyumba ile ioneshayo mfano wa nyota darini. Mwaka 1993 bado tulikuwa hatujui hayo. Mwaka 2013 walitangaza kwamba dundu huuona ukanda mweupe wa nyota upitao katikati ya mbingu, akaushika kuwa njia yake. Wazee wetu walikitazama Kilimia wapate kujua wakati wa kulima. Sikudhani kwamba mdudu wa mavini naye hutazama juu.

Dundu huyu pia amesafiri, na ndiyo sababu nimemchagua awe mwenzi wa dumuzi. Australia hapakuwa na ng'ombe kabla ya mwaka 1788, Waingereza walipowaleta kwa merikebu. Wanyama wa asili wa nchi ile, kama kangaruu, hutoa mavi madogo makavu, na dundu wa nchi ile walizoea hayo. Mavi mengi ya majimaji ya ng'ombe hawakuyaweza. Basi yalikaa juu ya majani mwaka mzima, yakakauka kama vigae, malisho yakafa chini yake, na nzi wakazaliana humo hata wakawa taabu kubwa kwa watu na mifugo. Mtu mmoja mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, alipohamia huko aliona tofauti na malisho ya kwao, akauliza sababu. Tangu miaka ya 1960 shirika la utafiti la nchi ile, CSIRO, lilileta dundu wa aina zaidi ya 40, wengi wao kutoka Afrika ya Kusini, na aina zipatazo 23 zikakaa na kuzaana. Mahali walipokaa vema, mavi yalizikwa, na nzi wakapungua.

Haya, wasomaji, tuweke mmoja huku na mmoja huku. Wote wawili hula kile ambacho kwao hakimfai mtu: mmoja mti mkavu, mwingine mavi. Wote wawili hutafutia watoto wao chakula, wala hawakusudii zaidi ya hapo. Wote wawili walivushwa bahari na mikono ya watu. Mmoja alipofika akawa njaa. Mwingine alipofika akawa neema. Ubaya wa yule uko wapi katika mwili wake? Ni katika meno? Lakini meno hayo hayo ni msaada wa msitu wa Meksiko. Na wema wa huyu uko wapi? Dundu hampendi mfugaji wa Australia, wala hamjui. Kama ungemwuliza, angesema (kama angekuwa na kinywa cha kusemea) kwamba anazika urithi wa wanawe, na nzi ni shauri lake nzi.

Mwinjilisti mmoja niliyezungumza naye habari hizi hakukubali. Alisema, "Mchungaji, maneno yako ni matamu kwa mtu aliyeshiba. Mwenye kihenge kitupu hana haja ya kujua kwamba dumuzi ni mwema huko Meksiko. Kwake ni mbaya, basi." Nilikaa siku nyingi na neno hilo, na nakiri kwamba ana haki nusu. Mjane hali msitu wa Meksiko. Madhara yake ni madhara kweli, hayapungui kwa elimu yangu. Walakini kuna hatari katika kulitupa shauri lote juu ya mdudu. Tukisema ubaya ni wa dumuzi, tumekwisha kumhukumu asiyeweza kujibu, nasi tumekwenda zetu kulala. Na nusu ya pili ya neno lake naikataa: kitu chaweza kudhuru sana bila kuwa na hatia hata kidogo, na hapo ndipo hatia huhama kutafuta mwenyewe.

Tena iko sababu nyingine ya kuogopa msemo ule, nami nitaisema wazi. Nimesikia katika vilabu vya pombe, na mara moja, naona haya kusema, penye mlango wa kanisa, mtu akimwita mwenzake aliyehamia kwetu "dumuzi." Mkoa wetu umepokea watu wengi. Mwaka 1972 waliokimbia mauaji ya Burundi walipewa mahali Ulyankulu, wakakata pori, wakalima, na wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Mtu si mdudu. Mdudu akihamishwa hubaki na desturi ile ile, hana lingine. Mtu akihamishwa waweza kumwuliza umetoka wapi na wataka nini, naye akakuuliza vivyo hivyo, mkapatana au mkakosana kwa maneno. Tena Wanyamwezi ndio wa mwisho kuwa na haki ya kutukana wageni. Babu zetu walibeba pembe mpaka Bagamoyo wakalala katika nchi za watu, na wajukuu wao walikwenda mashamba ya mkonge kama manamba. Mfano wa wadudu nimeuchukua kwa ajili ya swali la wema na ubaya wa viumbe. Usichukuliwe ukapelekwa kwa majirani.

Lakini nimeitaja njia, na njia ndiyo swali la pili la mama yule. Itetemia ni mahali pa njia. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na Kwihara, alipokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi, si mbali na hapa. Kwa njia ile viliingia nguo na shanga, zikatoka pembe, wakatoka na watu wenye minyororo shingoni. Iliingia miembe, ambayo twakaa kivulini mwake leo bila kuuliza ilipandwa na nani. Uliingia ugonjwa wa ndui, ukatembea kwa miguu ya wapagazi. Na tekenya, mnajua alikotoka? Mwaka 1872 merikebu iliyotoka Brazili ilifika Ambriz katika pwani ya Angola na tekenya katika mchanga wake wa uzito. Kwa muda wa miaka kama 20 hivi alikuwa amevuka bara lote kwa nyayo za watu mpaka bahari ya mashariki. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, kisha yakaja malori. Njia haina dhambi, lakini haina macho. Aliye na macho ni yule apitaye.

Yaaminiwa kwamba dumuzi aliingia ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na wengi husema yalikuwa mahindi ya msaada. Kama ndivyo, basi tazameni ugumu wa jambo hili. Mtu mwenye huruma alitoa chakula kwa wenye njaa. Wenye njaa walikula wakapona. Na ndani ya gunia lile lile mlikuwamo njaa ya watoto wao. Je, aliyetoa alitenda mema au mabaya? Mtu aweza kusema: makusudi yalikuwa mema, hatuhukumu zaidi. Lakini makusudi mema peke yake ni kitu chepesi. Mwaka 1935 watu wa Queensland, huko huko Australia, walileta vyura wakubwa kutoka Hawaii wawalie wadudu waharibuo miwa. Makusudi yalikuwa mema. Vyura waliwaacha wadudu wa miwa, wakala vitu vingine, wakaenea, na sumu yao ikaua wanyama wengi wa nchi waliojaribu kuwala. Mpaka leo watu wanahangaika nao.

Na sasa sikieni jinsi dundu walivyopelekwa, kwa maana mimi naona jambo lote limo humo. Wale watu wa CSIRO waliogopa kwamba katika mavi ya Afrika waweza kuwamo ugonjwa wa mifugo, au wadudu wengine wadogo wanaopanda mgongoni mwa dundu. Basi hawakupeleka dundu wazima. Walitwaa mayai, wakayaosha kwa dawa ya kuua vijidudu, wakayapeleka Canberra, na huko yakawekwa katika matonge ya mavi yaliyotengenezwa na mikono ya watu, yakaangaliwa katika nyumba zilizofungwa. Ni watoto wa hao tu walioachiliwa malishoni. Yai la mdudu wa mavini likaoshwa kama chombo cha meza! Msafiri mmoja alitazamwa hivyo. Mwingine alisafiri ndani ya gunia, na hakuna aliyefungua gunia akatia mkono mpaka chini.

Sitaki kuwahukumu waliotuma mahindi yale. Asiyeweza kujua ni mtu mmoja. Angaliyeweza kujua lakini hakutazama ni wa pili. Lakini yuko na wa tatu, ambaye nilikuwa nimemsahau katika masomo yangu yote hata nilipomkuta ndani ya kanzu yangu mwenyewe.

Siku ile ya Juni, nilipokuwa nalifunga gunia la mjane juu ya baiskeli, niliona unga mweupe kidogo kwenye mshono wa chini. Niliuona kwa macho yangu haya. Nikapangusa kwa kidole. Nikajiambia ni unga wa punje zilizosuguana katika kubebwa. Jua lilikuwa linapanda, alasiri nilikuwa na mazishi, na wazee walikuwa wamesimama wakitazama jinsi mchungaji asivyoona haya kubeba gunia mwenyewe. Jambo hilo nalo lilinipendeza, lazima niliseme. Basi nilikipa kitu jina lingine nisipate kazi nacho. Ndiyo maana mama aliponiuliza maswali mawili nilikimbilia lile la mbali. Swali la nani alimwumba dumuzi laweza kumshughulisha mtu mpaka kiyama, na halimwelekezi kidole mtu yeyote aliyemo chumbani.

Yule mwinjilisti, nilipomweleza na hayo, aliniuliza neno la haki: kama mtoaji ataogopa hivyo, nani atathubutu kutoa? Nilimjibu kwamba kupepeta gunia moja ni kazi ya saa moja, na kuogopa hakuhitajiki. Katika usharika wetu tumepatana hivi. Mahindi ya sadaka hupokewa yamepukuchuliwa na kukauka, kwa sababu dumuzi hupenda hindi lililo katika gunzi lake, ambapo punje haziwezi kumteleza. Hupepetwa mbele ya watu wawili. Vihenge vya wajane hufagiliwa kabla, pamoja na nguzo zake, maana asili yake ni mla miti, naye hujificha mtini akingoja mavuno mapya. Dawa ya unga huchanganywa ile yenye namna mbili, moja ya fukusi na moja ya dumuzi, kwa kuwa dawa imwuayo mmoja haimwui vema mwingine. Wenye uwezo hununua mifuko isiyopitisha hewa, mdudu akafa kwa kukosa pumzi. Mzee mmoja alinung'unika kwamba kupepeta sadaka mbele ya aliyeileta ni kumvunjia heshima. Tumeendelea kupepeta.

Nilimrudia mama mwezi wa Novemba na gunia la shamba langu. Nilimweleza habari ya unga ule kwenye mshono, bila kuongeza wala kupunguza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilijua, Baba. Gunia lako lilimwaga unga tangu mlangoni. Niliona haya kukuambia mbele ya watu." Sikuwa nimelifikiri hilo: kwamba naye aliona, na heshima yake kwangu ndiyo iliyomfunga kinywa, mpaka kihenge kikaliwa.

Safari hii hakuona haya. Alitandika mkeka uani, akaniambia nimimine debe kwa debe. Kila debe alilipepeta kwa ungo wake, akipuliza, akiinamisha sikio kana kwamba dumuzi angeweza kusikika. Gunia lilipokwisha aliligeuza ndani nje, akapitisha vidole katika pembe zake zote. Nilikaa kigodani nikingoja, naye hakuharakisha. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya miembe alipoufikia mwisho wa mahindi, akaokota punje moja yenye tundu, akaiinua penye mwanga, akaitazama sana, akawatupia kuku.